Boila inanguruma Julai nzima kwa ajili ya maji ya kuoga tu: nitengeneze koili, niweke tangi, au ninunue hita ya kivyake?

#1 Kibosho Mashariki

Wakuu kwema? Naomba mawazo, hasa kwa mnaoishi huku kwenye theluji, na mafundi bomba popote mlipo.

Mwaka jana mimi na mama watoto tulinunua nyumba ya zamani kusini mwa Maine, Marekani. Ni ya miaka ya 1950. Kwa wasioijua Maine: nyumba nyingi huku bado zinapashwa joto kwa mafuta, yale yanayofanana na dizeli. Hakuna jimbo jingine linalofikia kiwango hicho. Beisimenti (chumba cha chini ya nyumba) kuna tangi la mafuta la galoni 275, na pembeni yake boila ya chuma cha kusubu, pana kama kabati la bibi. Inachemsha maji yanayozunguka kwenye radieta (vyuma vya kupashia vyumba) za nyumba nzima. Sasa ndani ya boila hiyo hiyo wamepitisha koili ya shaba. Maji ya kuoga na kuoshea vyombo yanaingia baridi upande mmoja wa koili, yanatoka moto upande wa pili. Tangi la maji moto hakuna.

Siku ya kwanza nilisema hawa watu wana akili, moto mmoja kazi mbili. Sasa sikilizeni.

Kwanza, shawa. Dakika tatu unaoga kama mfalme, ya nne maji yanakuwa vuguvugu, ya sita unatoka na povu kichwani. Pili, na hili ndilo linaniuma, boila haipumziki. Tulizima radieta zote mwezi wa tano, lakini mashine imeendelea kunguruma mchana na usiku. Gari la mafuta lilijaza tangi mwishoni mwa Mei. Likarudi baada ya siku 98, risiti ikasoma galoni 84. Kwa dola 3.80 kila galoni, hiyo ni dola 319 za kuoga. Radieta hata moja haikuguswa!

Nimeita mafundi watatu, wamenipa majibu matatu:
Wa kwanza: ng'oa boila yote, weka mpya, dola 14,000.
Wa pili: boila ibaki, tuongeze tangi lenye koili ndani, boila iwe inalipasha tangi, dola 3,400.
Wa tatu: maji yaachane kabisa na boila, nunua hita ya umeme inayojitegemea.

Nimechanganyikiwa. Karibuni.

#2 njombe_baridi

Nimeweka kambi hapa. Kumbe Marekani nako watu wanatoka bafuni na povu 😂

#3 FundiBomba74

Mkuu, kabla hujatoa hata senti, pima. Mafundi hao watatu kuna hata mmoja aliyepima?

Chukua ndoo ya rangi ya galoni 5. Fungua bomba la maji moto peke yake, hesabu dakika mpaka ijae. Kisha fanya hivyo hivyo kwa bomba la baridi. Kama la moto linatiririka kwa unyonge na la baridi lina nguvu, koili imeziba kwa chokaa ya maji (ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika), au vali ya kuchanganyia maji moto na baridi imekwama. Kama nguvu ni sawa ila maji ni vuguvugu, basi ukoko umeivika koili ukuta kwa ndani na joto halipiti, au themostati (kidhibiti cha joto) imeshushwa, au vali ile inaingiza baridi nyingi. Weka na kipimajoto kwenye maji, usipime kwa kidole.

Ukisikia mtu anakushauri upandishe tu themostati, mkatalie mpaka ujue vali ya kuchanganyia inafanya kazi. Maji ndani ya boila ya namna hiyo yanafika nyuzi 80 za Selsiasi. Maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtoto kwa sekunde chache tu. Vali ile ndiyo inayoyashusha mpaka karibu 49 kabla hayajafika bombani.

#4 Kibosho Mashariki

Nimepima sasa hivi, fundi. Baridi: ndoo imejaa kwa dakika moja na sekunde kidogo. Moto: dakika mbili na nusu. Mwanzo nyuzi 51, mwisho wa ndoo 36.

#5 FundiBomba74

Basi umeshapata jibu la shawa. Koili imechoka. Inaweza kuoshwa kwa kuzungushiwa asidi nyepesi kwa pampu ndogo, saa moja au mbili, na ikafufuka. Inaweza pia kutoboka wakati wa kuoshwa kama shaba imeliwa, hapo usimlaumu fundi. Na kumbuka Januari maji ya bomba huku kwetu yanaingia na nyuzi kama 5, kwa hiyo koili ina mlima mrefu zaidi wa kupanda kuliko Julai. Hata ikiwa mpya kabisa, shawa mbili kwa wakati mmoja ni kujidanganya.

Suala la mafuta ni jingine kabisa. Hata ukiosha koili ikang'aa, galoni 84 zitabaki zile zile.

#6 Mama Tunu

Shikamooni wakubwa. Mimi nipo Worcester, Massachusetts, tulikuwa na mashine kama hiyo miaka sita. Naomba niseme kinyumbani.

Nyumbani ukishasonga ugali, makaa yaliyobaki jikoni unainjika sufuria la maji ya kuoga watoto. Maji hayo ni ya bure, maana jiko lilishawashwa kwa ajili ya ugali. Boila yako wakati wa baridi ndivyo ilivyo: inawaka kwa ajili ya nyumba, maji yanajipasha kwenye makaa yaliyobaki. Lakini majira ya joto hakuna ugali, kaka yangu! Umewasha jiko zima la mkaa, unalikoleza mchana na usiku, ukisubiri mtoto aje kunawa uso.

#7 Asiyependa Hasara

Mama Tunu amemaliza, mimi naongeza tarakimu tu.

Lita moja ya maji kuipandisha nyuzi moja inataka kilojuli 4.19. Familia yako tuseme inatumia lita 150 za maji moto kwa siku, kutoka nyuzi 10 hadi 50. Hiyo ni kama uniti 7 za umeme, yaani kWh 7. Galoni moja ya mafuta ya kupashia nyumba ina joto la kama kWh 40. Boila ikiwa na ufanisi wa asilimia 80 inakupa 32. Kwa hiyo maji yako yanahitaji galoni 0.22 kwa siku. Kwa siku 98 ni galoni 21 na nusu hivi.

Wewe umechoma 84.

Galoni zaidi ya 60 hazikuoga mtu. Zimepanda na bomba la moshi na kupasha beisimenti, kwa sababu chuma chote kile na maji yake ndani vinatunzwa moto saa 24 vikisubiri mtu afungue bomba. Watu wanabishana mafuta na umeme kipi rahisi. Wewe angalia kwanza ni kitu gani kinakaa moto wakati hakuna anayeoga, na kina ukubwa gani.

#8 Wa Limuru

Hii story imenifunza kitu. Huku kwetu Limuru baridi ya Julai si mchezo lakini hatujui boila ya nyumba ni nini. Ni instanti ya umeme ya kichwa cha shawa, unabonyeza swichi, unaomba Mungu, unaingia. Wengine wana sola juu ya paa; mwaka 2012 serikali ilitoa kanuni kwamba nyumba inayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku iwekewe ya jua. Si uweke hiyo instanti bafuni na uachane na mafuta?

#9 FundiBomba74

Wa Limuru, instanti ya kwenu inaanza na maji ya nyuzi 17 au 18. Inayapandisha nyuzi 20, umeshaoga. Ya Maine Januari inaanza na 5. Ili upate lita 8 kwa dakika zikiwa na nyuzi 40 unahitaji karibu kilowati 20 kwa mpigo mmoja. Nyumba ya miaka ya 1950 hapo utabadilisha mpaka waya unaotoka barabarani. Na sola ya maji huku lazima izungushe kimiminika kisichoganda, na bado Desemba jua linazama saa kumi jioni. Inafanya kazi, ila bei yake si ya Limuru.

#10 Mswahili wa Leicester

Uingereza tuna ugonjwa huo huo kwa sura nyingine. Wengi wetu tuna boila ya kombi: ya gesi, ndogo, imetundikwa jikoni kama kabati la vikombe. Haitunzi maji. Ukifungua bomba inawaka, ukifunga inazima, kwa hiyo hasara anayoisema Asiyependa Hasara karibu haipo. Ubaya wake ni kwamba kilowati 24 zinakupa chini kidogo ya lita 10 kwa dakika ukipandisha nyuzi 35, basi. Mke wangu akifungua bomba la jikoni nikiwa naoga, majirani wanasikia.

Nyumba ya kaka yangu ni ya zamani, ina boila pamoja na silinda ya maji ndani ya kabati la ukutani, na ndani ya silinda kuna hita ya umeme ya kilowati 3. Boila ikiharibika anawasha swichi, baada ya saa mbili na kitu ana lita 150 za moto. Nyumba za namna hiyo tulizicheka sana tulipofika. Siku kombi yangu ilipokufa Desemba, nilibeba taulo nikaenda kuoga kwake siku nne mfululizo.

#11 Bukavu243

Jambo bandugu. Miye niko Lewiston, hapa hapa Maine, tunapanga kwenye nyumba ya apartema tatu, boila moja ya mafuta chini. Mwenye nyumba aliweka lile tangi la pembeni, ile ya dola 3,400 ya ndugu. Maji ni mengi kweli, batoto wanne wanaoga wamoja kwa wamoja hayaishi. Lakini boila bado inawaka tu majira ya joto, naisikia usiku. Sasa tangi inasaidia nini?

#12 FundiBomba74

Swali zuri sana, ndugu yangu. Tangi lile ni zuri likiwa na kidhibiti sahihi. Boila inatakiwa ilale baridi kabisa, tangi lenyewe ndilo liseme "nimepoa, niamshe". Inaamka mara mbili tatu kwa siku, inalipasha tangi, inalala tena. Kwako nadhani mtu aliunganisha tangi akasahau (au hakutaka) kubadilisha themostati ya zamani inayoilazimisha boila ikae moto muda wote. Kwa hiyo mwenye nyumba amelipia tangi, na mafuta ya bure hewani bado analipa. Naona hili mara nyingi sana.

Lakini kuna mtego. Boila kongwe ya chuma cha kusubu iliyozoea kukaa moto miaka 30, ukiiacha ipoe, viungo vyake vinasinyaa na inaanza kudondosha maji. Sahani inayoshikilia koili ndiyo ya kwanza kulia. Wakati mwingine inakaa sawa ikipata moto, wakati mwingine ndiyo mwanzo wa msiba. Kibosho, ya kwako ina umri gani?

#13 Kibosho Mashariki

Kibandiko kinasema 1991 😬

Na huyo fundi wa tatu alitaja hita ya aina ya pampu ya joto. Ni nini hasa? Nilidhani ni lugha ya kuuzia.

#14 FundiBomba74

Si lugha ya kuuzia. Ni friji iliyogeuzwa. Friji inachota joto ndani ya kabati na kulimwaga nyuma jikoni. Hii inachota joto kwenye hewa ya beisimenti na kulimwaga ndani ya tangi la maji. Umeme unatumika kulihamisha joto. Hivyo kwa uniti moja ya umeme unapata joto la kama uniti tatu. Hita ya kawaida ya waya, uniti moja inatoa moja.

Masharti yake: inataka waya wa volti 240 na breka ya ampia 30. Inataka hewa ya kutosha, usiifungie kwenye stoo. Inatoa maji ya umande, lazima uyatafutie pa kwenda. Ina feni, inavuma kama kiyoyozi cha dirishani. Na inapooza chumba ilimokaa. Beisimenti za huku majira ya joto zinanuka unyevu, kwa hiyo kupoozwa na kukaushwa ni zawadi. Januari si zawadi.

Tangi la aina yoyote, usishushe moto chini sana kwa kubana matumizi. Bakteria wa Legionella wanapenda maji ya vuguvugu, nyuzi 20 hadi 45. Jina hilo lilitokana na mkutano wa wanajeshi wastaafu Philadelphia mwaka 1976, watu wakaugua mapafu na wengine kufa. Weka 60 ndani ya tangi, kisha vali ya kuchanganyia ishushe kabla ya bomba. Na ile vali ya usalama yenye kijibomba cha kushuka chini, ikidondosha usiizibe. Tafuta sababu.

#15 Asiyependa Hasara

Hesabu tena. kWh 7 ukigawa kwa 3 ni 2.3. Umeme wako bei gani?

#16 Kibosho Mashariki

Senti 27 pamoja na gharama za kusafirisha.

#17 Asiyependa Hasara

Senti 63 kwa siku. Boila sasa hivi inakula dola 3.26. Hata hita ya waya ya kawaida ni dola 1.90, bado inaipiga boila ya Julai. Lakini Januari usishangilie: boila inawaka kwa ajili ya nyumba, hasara yake inaingia ndani ya nyumba unayotaka kuipasha, maji yanakugharimu zile galoni 0.22 tu, senti 84 hivi. Na pampu ya joto Januari inavuta joto kutoka beisimenti ambayo imepashwa na… boila. Unalipa umeme na mafuta kidogo.

Kwa hiyo faida yote iko miezi mitano ya joto, kama dola 2.60 kwa siku. Kwa mwaka ni dola 400 kasoro kidogo. Mashine na ufundi ikikugharimu 2,600, hela inarudi baada ya miaka kama 7. Nasema mapema ili usije ukasema tulikudanganya humu.

#18 Mama Tunu

Na povu kichwani mtalipigia hesabu gani? Wanaume bwana.

#19 njombe_baridi

😂😂 Mama Tunu anastahili soda. Sisi Makete Juni asubuhi nyasi nyeupe kwa barafu, tunachemsha pipa nje kwa kuni za mwati, kila mtu na ndoo yake. Hakuna koili, hakuna Legionella.

#20 FundiBomba74

Kuna nukta moja ukienda njia ya kutenganisha. Usifunge vali zote mbili za koili na kuiacha imejaa maji ndani ya boila. Ukiiwasha boila baridi ikija, maji yaliyofungiwa yatatanuka na hayana pa kwenda. Shaba inapasuka. Mwaga maji yote, acha upande mmoja wazi. Na kama unataka koili ibaki kama akiba, akiba hiyo iwe kavu.

#21 Kibosho Mashariki: MREJESHO

Wakuu, samahani kwa kuadimika. Huyu hapa ng'ombe na mkia wake.

Nilikwenda na pampu ya joto, tangi la galoni 50. Kulikuwa na punguzo la papo hapo dukani, pamoja na fundi umeme na fundi bomba jumla ikafika dola 2,550. Boila nimeizima kwa swichi nyekundu tarehe 6 Mei. Mara ya kwanza nyumba kuwa kimya. Mwanangu mdogo akauliza kama umeme umekatika.

Mwezi wa kwanza kamili mashine imetumia kWh 81, kama dola 22. Mwaka jana kwa mwezi ilikuwa karibu 98 za mafuta. Shawa: watano tunaoga mfululizo. Beisimenti ile harufu ya magunia mabichi imekwisha.

Sasa mabaya. Feni inasikika chumba cha juu yake, na chumba hicho ni cha mama mkwe. Boila nayo ililia siku ya tatu baada ya kupoa, kama alivyosema FundiBomba: matone kwenye sahani ya koili. Tuliibana bolti zake kidogo kidogo kwa zamu, ikanyamaza, lakini chini yake nimeweka karai.

Mama mkwe amekuja kutoka Machame tangu Juni. Feni hajaisema hata kidogo. Yeye ameona ule mpira wa maji ya umande unaoshuka kwenye tundu la sakafu, akauchomoa, akautia kwenye ndoo. Kila asubuhi anapandisha ndoo ya maji kwenye mchicha wake nyuma ya nyumba, na amenikataza nisirudishe mpira pale ulipokuwa.

#22 Asiyependa Hasara

Safi. Januari utatumia ipi?

#23 Kibosho Mashariki

Koili nimeimwaga, iko kavu. Nataka Desemba niiache pampu ya joto, Januari nirudishe koili, nilinganishe risiti. Mama watoto amesema nikithubutu kugusa vali yoyote wakati wa theluji nihamie beisimenti.

#24 Bukavu243

Ndugu, nilionyesha mwenye nyumba andiko #12. Ameita fundi, amebadilisha themostati. Usiku huu naskia friji peke yake.